Baba Aliyekuwa Redioni

Zipo nyumba nyingi mjini ambamo mtoto humjua baba yake kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Redio inafunguliwa, kipindi cha nyimbo za zamani kinaanza, gitaa la solo linaingia baada ya tarumbeta, na mama aliyekuwa akichambua mchele ananyamaza kidogo, au anaomba sauti ipunguzwe. Mtoto haulizi. Amekwisha kuzoea kwamba yule mtu yumo ndani ya redio, na kwamba hatoki humo kuja kula chakula cha usiku pamoja nao.

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu baba wa namna hiyo siku anapotoka redioni na kubisha hodi, mtoto naye akiwa si mtoto tena bali kijana wa miaka 14, 15 au 16, sauti ikimkatika katikati ya neno. Sina nia ya kuwachafulia jina wanamuziki. Wapo wanamuziki waliolea watoto wao kwa nidhamu kuliko makarani na mahakimu, na wapo makarani waliowatoroka watoto wao bila hata kujua gitaa hushikwa upande gani. Lakini kazi ya muziki ina mambo yake, na asiyetaka kuyatazama hawezi kumshauri mtu.

Mama mmoja mkazi wa Temeke, mfanyakazi wa kiwandani, ametuandikia barua ya kurasa tatu. Kwa ufupi anasema hivi. Mumewe alikuwa mpiga gitaa. Mtoto wao alipokuwa na miaka mitatu bendi ilivunjika, bwana akaenda Nairobi kwa kile alichokiita miezi miwili, na toka huko akapata mkataba wa kupiga muziki hotelini Muscat. Mwaka wa kwanza zilikuja fedha, mwaka wa pili zikapungua, mwaka wa tatu zikaja salamu. Sasa kijana ana miaka 15 na yuko kidato cha pili. Karo, viatu na madawa yake vyote vimebebwa na mama pamoja na kaka yake, yaani mjomba wa mtoto. Mwezi uliopita bwana amerudi. Alimvizia kijana nje ya shule, akajitambulisha, akamtia mkononi shilingi elfu kumi na kumwambia aje Jumamosi ukumbini amwone anavyopiga. Kijana alifika nyumbani, akaiweka ile fedha juu ya meza, asiseme neno. Usiku ule mama alimkuta amejifunika shuka, anatazama kwenye simu picha za bendi ya zamani ya baba yake. Mama anauliza afanye nini, maana akimkataza atachukiwa, na akimruhusu anaona kama atampoteza.

Barua hii sikutaka kuijibu kwa mistari miwili.

Tuanze na kazi yenyewe. Dansi ya mji huu ilijengwa na watu walioajiriwa. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila jumuiya ilipobadilika: JUWATA, kisha OTTU, hata leo twaiita Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilikuja kuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na ndiyo maana wengi huiita DDC. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Mwanamuziki alipata mshahara kama mfanyakazi mwingine, akapimwa kwa mahudhurio, akasafiri mikoani bendi inapotumwa. Lakini alifanya kazi wakati mfanyakazi mwingine anapumzika. Mtoto anapotoka shule, baba anakwenda ukumbini. Mtoto anapoamka kwenda shule, baba ndiyo kwanza amelala, na nyumba nzima inanong'ona ili asiamshwe. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo baba wa kawaida hukaa barazani na wanawe, huyu ndizo siku zake za kutoka jasho jingi zaidi. Sikukuu ya Idi na ya Krismasi ndiyo usiseme.

Liko jambo jingine ambalo watu wa nje hawalijui. Vyombo havikuwa vyake. Magitaa, vipaza sauti, tarumbeta na ngoma vilikuwa mali ya mwenye bendi, na katika miaka ya 80, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, chombo kimoja kililindwa kuliko gari. Mpiga gitaa aliyehama bendi aliliacha gitaa. Kwa hiyo fundi aliyeweza kuusimamisha umati wa ukumbi mzima kwa vidole vyake alirudi nyumbani mikono mitupu, hana hata uzi mmoja wa kumwonyesha mwanawe. Mtoto wa seremala huchezea randa na maranda ya mbao. Mtoto wa fundi cherehani huokota vitambaa. Mtoto wa mwanamuziki hakuwa na cha kuokota. Nimepata kuzungumza na watoto wa wanamuziki, sasa ni watu wazima, na hilo wamelitaja zaidi ya njaa.

Basi kazi inaeleza mengi. Hata hivyo haielezi yote, na hapa sitawaonea haya ndugu zangu wa muziki. Posta ilikuwapo Muscat. Wapo mabaharia waliokaa baharini miezi tisa na watoto wao wakajua kila mwezi baba yuko bandari gani. Usiku wa dansi hauwezi kuchukua lawama ya miaka kumi na miwili.

Watu wa ukoo, jambo kama hili likitokea, husema damu nzito kuliko maji, na kwamba wawili hawa wakikutanishwa tu mambo yatajitengeneza. Sijaona mambo yakijitengeneza. Hebu tutazame nyumba mbili mashuhuri ambazo habari zake zimewekwa hadharani na wenyewe, moja ya Lagos na nyingine ya Liverpool.

Fela Anikulapo Kuti wa Nijeria twamjua. Alizaliwa Abeokuta mwaka 1938, akasomea muziki London katika chuo cha Trinity, akamwoa huko mke wake wa kwanza, Remi. Mtoto wao wa kiume, Femi, alizaliwa London tarehe 16 Juni 1962. Familia ilirudi Nijeria, lakini Fela hakukaa nyumbani. Alikuwa na makazi yake aliyoyaita Jamhuri ya Kalakuta, yenye wanamuziki, wacheza dansi, wafuasi na wapita njia, na ukumbi wake wa Shrine. Femi na dada zake walilelewa na mama yao. Baba alikuwa mtu wa magazetini na mtu wa sahani za santuri. Alikuwa wa Lagos nzima.

Mwezi Februari 1977 askari wapatao elfu moja waliivamia Kalakuta, wakaichoma moto, wakawapiga waliokuwamo. Mama yake Fela, Bibi Funmilayo, mwanamke aliyepigania haki za wanawake wa nchi ile tangu enzi za mkoloni, alitupwa nje kupitia dirishani, na mwaka uliofuata akafariki. Ni katika miaka hiyo hiyo ya mwisho ya sabini, wakati mzazi yeyote mwenye akili angemficha mwanawe mbali na nyumba ile, ndipo Femi, kijana wa umri wa sekondari, alipotoka kwa mama yake na kwenda kuishi kwa baba.

Tujiulize alifuata nini. Fela hakuwa na nyumba ya kumpa, maana imeungua, wala hakuwa na utulivu. Mwaka 1978 alioa wanawake 27 kwa siku moja. Kijana alifuata kumwona baba yake kwa karibu, basi. Na wazazi wa kike wanaosoma ukurasa huu walifahamu hilo, kwamba kijana wa umri huo hufuata mtu hata pasipo na kitu. Tamaa ya anasa si lazima iwepo.

Sasa sikilizeni alivyopokewa. Femi ameeleza mara nyingi mwenyewe kwamba baba yake hakumfundisha muziki. Alimpa saksafoni na kumwacha ajifundishe. Baba huyu alikuwa amekaa darasani London akafundishwa nota na waalimu, lakini mwanawe alimwambia ajitafutie. Wengine husifu kwamba huko ndiko kumfanya mtu kuwa imara. Femi kweli alijifunza. Akaingia katika bendi ya baba, Egypt 80, akasimama nyuma yake usiku baada ya usiku. Kila aliyekuja Shrine aliona baba na mwana wako pamoja. Lakini kusimama jukwaa moja si kuzungumza, na hili ndilo ninaloliogopa katika mwaliko ule wa Jumamosi aliopewa kijana wa Temeke.

Mwezi Septemba 1984 Fela alikamatwa uwanja wa ndege wa Lagos akiwa safarini kwenda Marekani. Akashitakiwa kwa makosa ya fedha za kigeni, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, akakaa humo kiasi cha miezi 20 mpaka mwaka 1986. Muda wote huo bendi iliongozwa na Femi, kijana wa miaka 22 tu, akiwa mbele ya wanamuziki waliompita umri na ujuzi. Baba akatoka gerezani akaikuta bendi iko hai. Ungedhani hapo ndipo wangekumbatiana. La hasha! Katika mwaka huo huo Femi alijitenga akaunda bendi yake, Positive Force, na baba akaona amesalitiwa. Wakakaa miaka bila kusemezana.

Nimelitafakari sana jambo hili, na maoni yangu ni haya. Mambo yote waliyokuwa nayo baina yao yalikuwa mambo ya bendi. Upendo wao, kama ulikuwapo, ulikuwa umewekwa wote kwenye kazi. Kazi ilipogawanyika, hawakuwa na kitu kingine cha kuwaunganisha, hawakuwa na kumbukumbu ya kutembea sokoni pamoja, wala ya ugonjwa ambao mmoja alimuuguza mwenziwe. Baba aliyelea tangu utotoni akigombana na mwanawe juu ya kazi, hubakia baba. Hawa walipogombana juu ya kazi walibakia washindani.

Walikuja kupatana kabla Fela hajafariki tarehe 2 Agosti 1997. Lakini jambo linalonipendeza zaidi katika habari za nyumba ile ni alivyofanya Femi alipokuwa baba yeye mwenyewe. Mwanawe, Made, aliyezaliwa mwaka 1995, alifundishwa vyombo tangu mdogo, akapiga katika bendi ya baba yake, kisha akapelekwa kusoma muziki London, katika chuo kile kile alichosoma babu. Mwaka 2021 baba na mwana walitoa albamu zao pamoja katika jalada moja, kila mmoja na yake. Femi alimpa mwanawe yale masomo ambayo yeye alinyimwa, na alipoyatoa hakumlazimisha kijana kupiga nyimbo za baba.

Nyumba ya pili nitaipitia haraka zaidi. John Lennon wa kundi la Beatles alipata mtoto, Julian, tarehe 8 Aprili 1963, mwaka ule ule ambao nyimbo zao ziliishika Uingereza. Mtoto alikua baba akiwa ziarani. Mwaka 1968 wazazi waliachana. Paul McCartney, rafiki na mwenzake John, alikwenda kuwatazama mama na mtoto, na njiani akaanza kuutunga wimbo mashuhuri wa Hey Jude akimfikiria mtoto yule wa miaka mitano. Yaani aliyempelekea mtoto pole alikuwa rafiki wa baba! Mwaka 1971 John akahamia Marekani, na wakakaa zaidi ya miaka miwili bila kuonana.

Walipoonana tena, Julian akiwa na miaka kumi na kitu, baba alimwonyesha namna ya kushika gitaa, akamnunulia moja. Katika albamu ya mwaka 1974, Walls and Bridges, kuna kipande kifupi ambamo mtoto anapiga ngoma na baba anapiga piano, na jina la mtoto limeandikwa kwenye jalada. Ni mchezo tu wa watu wawili. Mtaalamu wa muziki hatapata la kujifunza humo. Ila mimi nadhani kipande kile kilikuwa na thamani kwa mtoto kuliko santuri zote za dhahabu zilizotundikwa ukutani. Mwaka uliofuata baba akapata mtoto mwingine kwa mke wa pili, akaacha muziki wa hadhara kwa miaka mitano ili amlee huyo wa pili nyumbani. Fikirieni masikio ya yule wa kwanza, aliye ng'ambo ya bahari, anaposikia kwamba baba amejifunza kuoka mikate na kumlaza mtoto. Jambo jema lile lile lilikuwa jeraha upande wa pili. Tarehe 8 Desemba 1980 John aliuawa kwa risasi mlangoni kwake New York. Julian alikuwa na miaka 17. Walikuwa wameanza kufahamiana, na wakakatishwa.

Nimeitaja nyumba hii kwa ajili ya akina baba wenye familia mpya. Wengi wenu mnarudi kwa mtoto wa kwanza baada ya kutulia kwa mke wa pili, mkiwa na ndogo zake wanne wanaowaita baba tangu kuzaliwa. Msimkaribishe kijana siku ya kwanza nyumbani humo ili aone jinsi mlivyo baba wema kwa wengine.

Turudi kwetu. Mama wa Temeke ameuliza kama amkataze. Sheria kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwajibisha baba kumtunza mtoto wake kwa malazi, mavazi, chakula na elimu, awe anakaa naye ama anakaa kwa mtu mwingine. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba panapokuwa na mabishano juu ya nani akae na mtoto, jambo kubwa kuliko yote ni manufaa ya mtoto, na kwamba mtoto aliyefika umri wa kutoa maoni yake mwenyewe husikilizwa. Kijana wa miaka 15 amefika. Kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikuwapo sheria ya zamani, tuliyoirithi kwa mkoloni, iliyomwekea baba kikomo cha shilingi mia moja kwa mwezi, fedha ambayo katika miaka yake ya mwisho haikutosha hata nauli ya basi. Ikafutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa hiyo baba aliyerudi hana haki ya kumchukua kijana kama mzigo aliouacha stoo, na mama naye hana sababu ya kutetemeka kana kwamba ataamka asubuhi akute kitanda kitupu. Likizuka zogo, yuko afisa ustawi wa jamii, na lipo baraza la usuluhishi la kata. Huko waende mapema, kabla ya matusi.

Lakini kumkataza kijana kabisa sishauri. Femi alikwenda Kalakuta wakati Kalakuta ni majivu. Kijana aliyejifunika shuka akitazama picha za baba yake amekwisha kwenda. Kilichobaki ni kama atakwenda kwa ruhusa au kwa kutoroka. Heri aende kwa ruhusa, na mama ajue amekwenda saa ngapi na atarudi saa ngapi.

Wa kukaripiwa hapa ni baba. Ndugu yangu mpiga gitaa, ulianza vibaya. Kumvizia mtoto nje ya shule, mbele ya wenzake, ni kumnyang'anya hata nafasi ya kushangaa kwa faragha. Ulipaswa kuanza kwa mjomba wake. Desturi zetu zinafahamika, na katika hili zina akili: mwanamume aliyelelewa mtoto wake na wakweze hutafuta mtu mzima wa kufuatana naye, akavaa vizuri, akaenda mchana kweupe, akakaa pale alipoonyeshwa, akashukuru. Usiende na maelezo ya Muscat. Usianze kwa kusema hali ilikuwa ngumu. Mjomba naye hali yake ilikuwa ngumu, na karo aliilipa. Mwambie mjomba asante kwa kumtunza mwanangu, kisha unyamaze umsikilize, hata akisema saa nzima. Maneno atakayokwambia ni deni lako, na ni nafuu kulilipa kwa masikio. Na ukitoka hapo usidhani mjomba sasa ameondoka kazini. Kijana ataendelea kumwona yeye ndiye mwanamume wa nyumba, na ukijaribu kushindana naye utashindwa.

Pili, usimkaribishe ukumbini. Najua kwa nini umefanya hivyo: ukumbini ndiko unakoonekana mtu, una suti, taa zinakumulika, watu wanakutuza. Unataka akuone ukiwa mkubwa. Lakini kijana atakaa kwenye kiti kati ya walevi, asikie wageni wakikuita kwa jina la utani, aone wewe unawachekea watu usiowajua kwa uchangamfu ambao yeye hakuupata kwa miaka kumi na miwili. Na mkimaliza kupiga saa tisa ya usiku utakuwa umechoka, naye atasinzia. Hakuna neno litakalosemwa. Tena ni mtoto, pombe na usiku havimhusu.

Mwite mazoezini. Mazoezi hufanyika mchana, watu wana kandambili miguuni, mpiga tumba anakula muhogo, kiongozi anagomba kwamba besi imechelewa. Huko kijana atakuona ukikosea na kurudia mara saba kipande kile kile. Jamani, hakuna kitu kinachomfungua kijana kama kumwona mkubwa akikosea na kurudia bila kukasirika. Hapo ndipo atauliza swali lake la kwanza, nalo halitakuwa swali la mbona ulituacha. Litakuwa la nyuzi, au la kwa nini gitaa lile lina kitobo na lile halina. Mjibu hilo hilo aliloliuliza, taratibu, kama mfundishaji. Lile kubwa litakuja siku nyingine, pengine mkiwa kwenye daladala, pengine kwa ukali, na litakapokuja usilizungushe. Sema niliacha kuleta fedha, niliona haya kuandika, kila mwaka haya ikazidi. Kama ndivyo ilivyokuwa. Kama ilikuwa vingine, sema hivyo vingine. Kijana wa miaka 15 ananusa uongo toka mbali kuliko hakimu.

Mfundishe. Hili nalisisitiza kwa sababu ya Femi. Usimpe chombo ukamwambia jitafutie. Kama huna gitaa lako, azima la bendi nusu saa kabla ya wenzako kufika, mketi wawili. Muziki wetu wa dansi una hekima moja katika ufundi wake: gitaa la ridhimu, la kati na la solo hayapigi kitu kimoja, bali kila moja huacha nafasi mwenziwe aingie. Mwanzishe kwenye ridhimu, asikilize zaidi kuliko kupiga. Na asipopenda muziki? Wapo vijana ambao baada ya majuma matatu hugundua kwamba walitaka baba, hawakutaka gitaa. Huyo mpeleke kutazama mpira, au akusaidie kupiga rangi chumba chako. Usihuzunike mbele yake kana kwamba amekukataa.

Juu ya shule, wasiwasi wa mama una msingi. Kidato cha pili kina mtihani wake wa taifa, na asiyefaulu hukariri darasa. Wanamuziki wenzako watamwambia kijana kwamba wao hawakusoma na wanakula. Wewe uwakanye. Mazoezi iwe siku moja kwa juma mpaka mtihani upite, na siku hiyo mama aijue. Tena anza kulipa. Usilipe kwa noti unayomtia kijana mkononi kama mgeni anayetuza mwimbaji. Lipa karo, kwa mama au kwa shule, na risiti ikae kwa mjomba. Miaka iliyopita huwezi kuinunua, lakini muhula ujao una bei inayojulikana.

Sasa wewe mama. Umeumia, na hakuna anayekutaka useme kwamba hukuumia. Ombi langu ni moja, nalo ni gumu: kijana akirudi toka kwa baba yake usimhoji kama afisa wa forodha. Usiulize alikula nini, nani alikuwapo, baba alisema nini juu yangu. Mpe chakula, mwulize kama ana kazi ya shule. Akiona kwamba hahitaji kuficha, atasimulia mwenyewe jikoni, nusu nusu, kwa siku nyingi. Na siku atakapokwambia kwa hasira kwamba heri angeishi kwa baba, maana siku hiyo itafika, usimkumbushe gharama ulizotumia. Anazijua. Ndiyo maana aliiweka ile fedha juu ya meza.

Kuna jambo moja baba na mama wote wawili watakubaliana nalo hata kama hawasalimiani: ahadi za siku. Mwanamuziki akipigiwa simu ya onyesho la harusi Bagamoyo hawezi kukataa, kwani ndicho chakula. Basi asiahidi Jumamosi kama Jumamosi si yake. Aahidi Jumanne saa kumi, siku ambayo bendi haina kazi, naye afike saa kumi kasorobo. Mtoto aliyengoja miaka kumi na miwili hana akiba ya kungoja hata nusu saa. Na kama kijana ndiye asiyefika Jumanne hiyo, kwa kuona haya au kwa kutaka kumwonjesha baba kidogo yale aliyoyaonja yeye, baba apige mazoezi yake kama kawaida, asitume mtu kuuliza, na Jumanne inayofuata aache kiti kingine tena karibu na spika.

Zile shilingi elfu kumi, mama asizirudishe wala asizitumie. Ni za kijana. Akitaka kununua nyuzi, anunue. Akitaka kumrudishia baba yake, amrudishie kwa mkono wake mwenyewe.